Mkebe wa Ndimi za Babu Kaleb

Kwenye kabati la vyombo nyumbani kwa babu, huko Vugiri mlimani, kati ya chupa ya chai ya wageni na kopo la chumvi, kuna mkebe wa bati uliokuwa wa biskuti. Ukiufungua kwa tamaa ya biskuti, kama nilivyofanya nikiwa darasa la pili, unakuta vibao vyembamba vya tete, kila kimoja kama urefu wa kidole, ncha imekunwa mpaka mwanga unapenya. Babu anaviita ndimi. Ulimi mmoja unafungwa kwa pete kwenye mdomo wa klarineti, na ukipuliza, huo ulimi ndio unaotetemeka na kutoa sauti. Bila huo, klarineti ni bomba jeusi lenye matundu.

Ndimi za mkebeni zote ni mbovu. Nzima anazitunza kwingine. Mgongoni mwa kila mbovu kuna maneno ya penseli: “Vugiri, masika 86, haulii.” “Korogwe, 91, unakwaruza.” Nilipojifunza kusoma vizuri nilizisoma zote, ishirini na tatu, kama mtu anayesoma makaburi.

“Babu, kwa nini mtu aweke vitu vibovu?”

“Muulize bibi yako. Yeye ananiweka mimi mpaka leo.”

Bibi Dorkasi hakucheka. Mkebe ule ulikuwa unamchukulia nafasi ya sukari.

Babu Kaleb sasa anapuliza klarineti kanisani tu, Jumapili, pamoja na kwaya. Lakini ujana wake aliumalizia tambarare, kwenye bendi ya shamba la mkonge karibu na Korogwe. Mchana alikuwa kwenye mashine ya kusindika mkonge, jioni ya Jumamosi alivaa suruali pana chini na shati la kola ndefu. Picha ipo. Yuko na kijana mwingine mwenye gitaa, wote wamekunja sura kama waliolazimishwa kupigwa picha. Huyo wa gitaa ni Ramadhan Mhina, Mzigua wa Handeni. Nikiitazama ile picha huwa natamani niwasikie, hata dakika moja, hata kupitia dirishani.

Mwaka 1979 Ramadhan alimwoa Mwantumu. Alimtungia wimbo wa kumtoa ndani, na mwanzo wote wa wimbo aliuacha kwa klarineti peke yake. Wiki moja kabla ya harusi babu alipanda nyumbani Vugiri kwa likizo. Karani wa shamba alikuwa amemletea kutoka Tanga pakiti mpya ya ndimi kumi. Ilikuwa masika, ukungu umeingia mpaka jikoni. Akajaribu wa kwanza: mzito. Wa pili: unapumua tu. Alijaribu mmoja mmoja kibarazani, kila mmoja umevimba kwa unyevu, hautaki kutetemeka.

“Nikazitia zote motoni,” aliniambia. “Nilikuwa na hasira za kijana wa miaka ishirini na mitano. Nikasema nimeuziwa takataka.”

Akashuka Handeni na ulimi wake mmoja wa zamani. Siku ya harusi, alipopuliza mara ya kwanza tu, ukapasuka katikati.

Ramadhan aligeuka kumtazama, vidole viko tayari kwenye nyuzi. Babu akatikisa kichwa. Mwantumu akatoka ndani, na pale palipokuwa pa klarineti hapakuwa na kitu, ni nyayo zake tu na mtoto mmoja akikohoa. Ndipo gitaa likaingia, peke yake.

Miezi miwili baadaye babu alihamisha sanduku lake la nguo, akauona ulimi mmoja wa ile pakiti umedondokea nyuma. Kumbe alichoma tisa. Aliuchukua akaupuliza tambarare, kwenye joto kavu. “Loyce, ulilia kama kinanda! Nikakaa chini.” Ndimi hazikuwa mbovu. Alizijaribu kwenye ukungu wa Vugiri kwa kazi ambayo ilikuwa ya joto la Handeni. Tangu siku hiyo hatupi ulimi unaokataa, anauandika mahali ulipokatalia, basi.

Bendi ilikufa mkonge ulipoanguka bei. Ramadhan alirudi kulima Handeni, babu akapanda kwake Vugiri. Walisalimiana kwa barua, kisha kwa simu. Mwaka huu, likizo ya Juni, simu ya babu ikaita nikiwa nachambua mboga, akaipokea kwa spika. Alikuwa Ramadhan.

“We Mshambaa wa ukungu, bado unapumua?”

“Napumua kukuzidi. Macho vipi?”

“Macho yamekwisha, nimebaki na masikio. Ndiyo nakupigia. Shamimu, mjukuu wangu, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka ule wimbo. Na Mwantumu anasema safari hii uje na sauti, usije na kichwa cha kutikisa.”

Babu alicheka, lakini alipokata simu alienda moja kwa moja kuzikagua ndimi zake.

Ndimi nzima alikuwa nazo mbili na zote zimechoka, zimekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Baba mdogo Dennis akatuma mpya tano kutoka Dar, zikashuka Korogwe kwa basi, nikazifuata. Babu akazilowesha kwenye glasi ya maji, akajaribu. Wa kwanza ulikuwa na ufa mdogo nchani. Aliutupa jikoni kwenye moto hata hakuuangalia mara mbili.

“Huo umeutupa!” nikamwambia.

“Uliopasuka umepasuka. Hauna dawa.”

Nne zilizobaki zilikuwa ngumu. Hapo nikaona kazi ambayo sikuwahi kuiona kwa karibu. Nyuma ya nyumba kuna mti wa msasa, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Babu alichuma majani makavu, akaulaza ulimi juu ya kipande cha kioo, akaanza kuusugua taratibu. Anausugua mara tatu, anauinua kwenye mwanga wa dirisha, anaupuliza. Kisha anainamisha klarineti kushoto, anasikiliza upande mmoja wa ulimi, anainamisha kulia, anasikiliza mwingine. Upande ulio mzito, huo ndio anaousugua.

“Mgumu naupenda,” alisema. “Una kitu cha kupunguza. Laini nitauongezea nini?”

Bibi alipita na ndoo. “Baba Dennis, si unakwenda Handeni? Mbona unazisugua hapa?”

“Napunguza kidogo tu.”

“Hayo ya kidogo tu nayajua.”

Siku ya tatu mbili zilikuwa tamu mpaka jirani Agripina akasimama barabarani na mzigo wake wa kuni kichwani. Zile nyingine mbili alizisugua kupita kiasi, akaziandika, zikaingia mkebeni. Alhamisi bibi aliutoa mkebe kabatini, akaweka sukari. Babu aliuchukua mkebe wake. Aliutia kwenye begi lake, chini ya suti.

Ijumaa mimi na babu tukafika Handeni. Jua lilikuwa linawaka, vumbi limelala juu ya majani. Mzee Ramadhan alikuwa amekaa kibarazani, gitaa mapajani, akageuza uso kabla hatujafika.

“Hatua hizo ni za Kaleb. Bado anatembea kama anapanda mlima.”

“Shikamoo babu,” nikasema.

“Marahaba mjukuu wangu. Huyu babu yako amekuja na sauti?”

Babu alifungua begi. Bibi Mwantumu alitoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga, akasimama mlangoni. Mlango ule ule aliotokea siku ya harusi yake. Babu akaufunga ulimi mtamu wa kwanza, akapuliza.

Kiiiiii!

Mbuzi wa jirani aliitika. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Akafunga wa pili, ukawa mbaya zaidi, unapiga kelele kisha unaziba kabisa. Unyevu wa Vugiri ulikuwa umekauka mle ndani, na kilichobaki kilikuwa chembamba mno. Miaka ishirini ya kupuliza kanisani kwetu, kwenye ukungu, ilikuwa imeizoesha mikono yake kusugulia ukungu.

“Hata leo, Kaleb?” Mwantumu aliuliza. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nilimwona babu akiinamisha kichwa, akawa kijana wa kwenye picha aliyekunja sura.

Mzee Ramadhan aliliweka gitaa sawa mapajani. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye nyuzi.

Babu akatoa mkebe. Alikaa chini sakafuni kabisa, suruali nzuri na yote, akawa anazisoma zile ndimi moja moja. Za Korogwe aliziweka kando. Za Vugiri, zilizokataa kwa unyevu, alizijaribu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipofika “masika 86, haulii” aliuweka mdomoni akaunyonya muda mrefu kama peremende. Akaufunga. Akapuliza sauti ya chini.

Ulitoa sauti. Haikuwa tamu, ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Babu alichomoa jani moja la msasa mfukoni, akasugua mara moja upande wa kulia, mara moja tu, akarudisha jani mfukoni.

Kisha akaupiga mwanzo wote wa ule wimbo.

Bibi Mwantumu alirudi ndani. Nilidhani amekasirika. Mlango ukafunguka tena, akatoka polepole, khanga ameifunga vizuri, miguu yake yenye maumivu ikifuata klarineti, na alipofika kizingitini gitaa likaingia. Mzee Ramadhan alikuwa analia na hakujifuta, mikono ilikuwa na kazi.

Kesho yake Shamimu alitolewa kwa wimbo huo huo na watu wakawatunza wapigaji. Lakini mimi nikikumbuka Handeni nakumbuka Ijumaa.

Tuliporudi Vugiri, babu aliuweka ulimi wa 86 pamoja na nzima, ameufutia lile neno “haulii” mgongoni. Halafu akachukua penseli, akaandika kwenye zile mbili zilizomwaibisha: “Handeni, Juni, unapiga kelele.” Akazitia mkebeni.

“Kwa hiyo umetoa mmoja umeingiza mbili,” bibi akasema.

Babu alikuwa anahamisha sukari, mkebe urudi mahali pake kabatini.