Mkaratusi Wangu wa Chemchemini

Majuzi binti yangu alishikwa na mafua, na jirani yetu hapa Mumbuni akaniletea majani ya mkaratusi nimfukize. Nilipofunua sufuria, mvuke ulinipiga usoni, nikajikuta nimekaa kitako jikoni machozi yakinitoka. Mtoto alidhani ni moto wa mvuke. Ngoja nikueleze wewe, maana sijawahi kumweleza mtu.

Nililelewa na nyanya yangu kule Kalama, chini ya mlima, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulimwita susu. Huko juu kulikuwa na msitu ambamo wazee wa zamani walitambikia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukata humo hata ufito. Ukungu uliulalia mpaka saa nne asubuhi, majani yakidondosha maji hata siku zisizo na mvua. Chemchemi yetu ilitoka chini ya mikuyu. Vyura walijaa humo, vipepeo walitua topeni kunywa, na kima walitutupia makuyu mabovu tulipoinama kuteka. Tuliwatukana, nao wakatutukana. Maji yale yalikuwa baridi ya kuuma meno, na susu alisema muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, uliopikwa kwa maji mengine hauna ladha. Nakubaliana naye mpaka leo.

Mwaka mmoja mwalimu wetu, mtu mwema aliyependa miti kwa dhati, alituambia wachoma makaa wanaumaliza mlima upande wa pili, nje ya msitu wa wazee, na ni juu yetu kuulinda. Kila mtoto alipewa mche wa mkaratusi, tukaipanda kuizunguka chemchemi huku tukiimba. Mwenye mti mzuri kuliko yote angetuzwa daftari na kalamu. Basi wangu niliulea kama ndama, nikaumwagilia asubuhi na jioni.

Susu aliona unavyokua mbio, na hakupenda.

"Hii mti iko na kiu mbaya," aliniambia. "Ng'oa, mama, kabla haijashika."

Nilikataa. Nilimjibu kwamba yeye hakusoma, mwalimu ndiye anayejua. Naona haya hata kuyaandika maneno hayo.

Daftari nililipata. Mti ulinipita kimo, ukapita na paa la nyumba. Mwaka baada ya mwaka maji yalipungua. Vyura walinyamaza, mikuyu ikaanza kukauka matawi ya juu, na kima wakashuka mashambani kutafuta chakula, ambako watu waliwatega. Nilipofika darasa la nane, chemchemi ilikuwa tope tupu.

Susu alichukua jembe, tukaenda kuifukua. Hatukufika mbali. Chini ya tope mizizi ilikuwa imesongamana, na susu akaushika mmoja mnene, akaufuata kwa macho mpaka ukingoni.

"Hii ni ya mti gani?"

"Ni wangu, susu."

Hakunikaripia. Alinipa jembe. "Basi chimba wewe."

Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, naye ameketi kwenye jiwe akinitazama. Maji hayakuja, wala hakuniambia niache.

Susu ametutoka. Mikuyu haipo, kima sijamwona kwa miaka, na watoto wa huko hawajui kwamba pale bondeni paliwahi kuwa na maji. Mikaratusi imeupanda mlima wote. Ikikatwa, huchipuka upya. Wageni tukienda nao nyumbani husimama uani wakausifu mlima wetu ulivyo kijani. Wanasema kweli, ni wa kijani, nami huwaacha waseme.