Hitima ya Mwimbaji Aliye Hai

Kwa miaka yote hii Anchia anamlaani fundi mitambo wa studio. Kila Idi, akishaniwekea sahani ya sambusa, humtaja fundi yule na kumwombea tumbo la kuendesha. Mimi natafuna tu, naitikia "Amina."

Jamani, fundi wa watu hana kosa! Ni mimi.

Jina la Anchia nimelibadili, ingawa akisoma mistari miwili tu atajijua. Mama yake alikuwa mpishi wa Mreno mmoja mwenye duka pale Palma. Sebuleni mlikuwa na piano iliyoliwa na chumvi ya bahari mpaka vibonyezo viwili vya katikati vikawa mabubu. Sinyora, mke wa Mreno, ndiye aliyemfundisha Anchia kuipiga. Anchia akifika kwenye vile vibonyezo bubu, aligonga ubao wa piano kwa kifundo cha kidole: ko, ko! Mama yake jikoni akamjibu kwa mwiko kwenye sufuria: ko, ko! Sinyora ananuna, wao wanacheka.

Vita vya kudai uhuru vilipopamba moto, Anchia akavuka mto Ruvuma kule Namoto, akakimbilia Mtwara. Mama alibaki kumwuguza bibi yake Anchia, asiyeweza kutembea. Barua zilikuwa zinafunguliwa na polisi wa Wareno, na jina la binti likitajwa redioni, mama ndiye angekamatwa. Basi wakaagana hivi: "Ukipata piano huko, piga wimbo wetu, na ugonge. Nikisikia ko-ko yako redioni nitajua u hai."

Sasa nitazameni mimi. Nilikuwa mkimbizi kutoka Quiterajo, mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, nywele kama kiota cha kunguru, suruali ya bugaluu inafagia barabara. Nilikuwa na santuri tatu za kigeni na maoni juu ya muziki wa dunia nzima. Studio moja ya mjini humo ilipokubali kumrekodi Anchia, mkimbizi mwenzangu, nilijiteua mshauri wake. Hakuna aliyeniomba!

Alirekodi kwa siku mbili. Piano yake mbele, gitaa la umeme linaunguruma nyuma, ngoma zinapigwa kwa vijiti mpaka dirisha linatetemeka. Santuri yake ya kwanza! Jaladani tuliweka jina la uongo, kwa usalama wa mama. Katika ule wimbo wa sufuria, wa yeye na mama yake, akanyamaza, akagonga ubao mara mbili, akaacha nafasi, kisha akaendelea.

Alipokuwa anawahi basi la kurudi Mtwara, aliniambia, kwa jina alilonitania nalo kwa ajili ya chuo: "Dotori, chezea chochote humo, lakini ko-ko yangu usiiguse. Pale namwachia mama."

"Nimekuelewa, dada."

Na nilimwelewa vizuri kabisa. Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Siku ya pili yake wakaja studio wenzangu wawili wa chuo. Wakasikiliza. Mmoja akasema, "Mbona huyu anabisha hodi katikati ya wimbo? Piano imemshinda?"

"Labda anaomba chumvi kwa jirani!" akadakia wa pili.

Nilicheka kuwashinda wao. Kisha nikamgeukia fundi: "Hebu ondoa hicho kitu."

"Mwenyewe kasema isiguswe," fundi akajibu.

"Mwenyewe kanikabidhi mimi."

Tukajaza pale piano ya mtu mwingine, ndefu kama treni ya mizigo. Sauti ya Anchia nayo nikaitaka itiwe mwangwi, iwe ya kisasa. Ikawa ya kisasa mpaka haikujulikana ya nani.

Anchia aliisikia santuri ikiwa tayari imetoka. Nilipokwenda Mtwara alinisimamia mlangoni. "Nani kafuta ko-ko yangu?"

"Fundi," nikasema. "Si unawajua mafundi."

Yalinitoka kirahisi, kama salamu!

Kule Palma, kama tulivyokuja kusimuliwa, mama aliusikia wimbo kwenye redio ya jirani. Akasema, "Wimbo ni wa mwanangu, mkono si wake. Mwanangu hayupo, kuna mtu karithi wimbo." Wachuuzi waliovuka mto wakamwapia kwamba wamemwona Anchia kwa macho yao akinunua dagaa. "Ahsanteni kwa kunifariji," akawajibu. Akasoma hitima, akapika pilau, kanga za Anchia akazigawa.

Vita vilipokwisha nilimsindikiza Anchia nyumbani. Jirani alipomwona alitupa ndoo ya maji akakimbia huku akisoma dua, na kanga aliyokimbia nayo ni ya Anchia mwenyewe! Mama hakutoka jikoni. Tulisikia sauti tu: "Nendeni zenu. Mwanangu nimekwisha kumsomea."

Anchia hakubishana. Aligonga mlango: ko, ko.

Mimi niliyeacha kuswali tangu mwaka wa kwanza wa chuo, nilisoma kila kitu nilichokikumbuka.

Kisha ndani, mwiko kwenye sufuria: ko, ko.

Walipomaliza kulia, Anchia akasema, "Ni yule fundi, mama!" Mama akanitazama mimi. "Na wewe hukuwepo?"

"Nilikuwa nimetoka kununua soda."

Tangu hapo Anchia hakurekodi tena. Anasema mafundi si watu. Santuri ya kwanza ikawa ya mwisho, na fundi kazeeka bila kujua kwa nini mwimbaji wake alimkimbia. Mimi siku hizi naandika makala, na watu hunialika niwaeleze muziki mzuri ni upi!

Nyie mnaokabidhiwa kazi za wenzenu, mkiambiwa kitu kisiguswe, msikiguse, hata wasomi wote wakicheka. Na mkishakigusa, semeni siku ileile. Mimi nilingoja, na kila Idi sambusa zimezidi kuwa chungu.

Anchia, dada yangu, najua gazeti hili hulinunui, huwa unangoja nikuletee. Hili nitalileta mwenyewe. Nitagonga mara mbili. Usiponijibu, nitaelewa.