Opozit na Posho Mili

Kibera hatuna namba za nyumba. Ukitaka mtu akufikie, unamwambia uko opozit na kitu fulani: kanisa, choo cha kulipia, kinyozi. Mama yangu alikaa miaka mingi opozit na posho mili, kinu cha kusagia mahindi, nami nilikua nikidhani opozit ni neno letu kabisa. Juzi nimesoma kwamba Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao wakalitoa kwenye Kilatini, na maana yake ni kuwekwa mbele ya kitu, kukikabili. Sawa. Lakini hakuna aliyeandika ufanye nini hicho kitu kikibomolewa.

Maana posho mili ilibomolewa, barabara ilipopanuliwa. Sisi tukaendelea tu kusema opozit na posho mili, na kila mwenyeji alielewa. Tuna vichwa vigumu hivyo.

Asubuhi moja mama akanipigia nikiwa mtaa wa Kawangware 56, kwenye saluni ninakosukia watu. Pumu ilikuwa imembana na dawa yake ya kuvuta imeisha. Hakuweza kumaliza sentensi. Nikaita ambulensi. Dereva akauliza nyumba iko wapi, nami, mjinga mimi, nikamjibu, "Opozit na posho mili, mlango wa bluu."

Dereva hakuwa mtu wa Kibera. Aliulizia njiani, akaelekezwa posho mili nyingine, ile inayosaga hadi leo, upande wa pili wa reli. Akanipigia kusema amefika. Baada ya dakika chache akapiga tena. "Madam, sioni mlango wa bluu." Nikamkaripia afungue macho, mlango uko hapo mbele yake. Nilikuwa juu ya boda boda, nampigia mtu kelele kwa kosa langu mwenyewe. Alipotaja reli ndipo nikaelewa, nikamwambia ageuze gari.

Watu huniambia ilikuwa mipango ya Mungu. Wacheni hayo. Mungu hakumwelekeza dereva, nilimwelekeza mimi. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu nambeba kila siku na hakui.

Nilifika kabla ya gari. Mama alikuwa nje kwenye kistuli, ameegemea ukuta, ameshakata roho. Jirani alisema walimsihi abaki kitandani, akakataa. Alijikokota mwenyewe mpaka barabarani, kwa sababu nilikuwa nimempigia nikamwambia, "Mama, gari limefika, liko hapo nje."