Mgeni Aliyelia

Mara ya kwanza watu wa takwimu walipokuja kutuhoji, kule Nachingwea, binti yangu alikuwa na wiki tatu kaburini. Alizaliwa alfajiri, akafa kabla ya adhuhuri. Kwetu kichanga ambaye hajatolewa nje tunamwita mgeni. Akifa, wanawake husema mgeni karudi. Hakuna matanga, na kesho yake unashika jembe.

Kijana mwenye kishikwambi alikaa kwenye viti na mume wangu na mjumbe wa kitongoji. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, nyuma yao.

"Watoto wangapi?"

"Wawili," mume wangu akajibu.

"Kuna mgeni anayekaa hapa?"

Nikasema, "Alikuwepo. Karudi."

"Karudi wapi, mama?"

"Kwao," mjumbe akadakia. "Au unataka umsindikize? Endelea, bwana, ufuta wangu unapukutika shambani."

Wakacheka. Mume wangu alitazama chini. Kijana akaandika anachokijua yeye, akaenda nyumba ya pili. Sikusema uongo, lakini binti yangu hakuingia popote.

Miaka miwili baadaye tulikuwa tumehamia Nandagala, Ruangwa. Akaja mwanamke wa takwimu, akaomba tukae wawili tu, nyuma ya jiko. Aliniuliza nina watoto wangapi, nikasema wawili. Nilishazoea, na nilishachoka. Hakuishia hapo. Alisoma polepole kwenye kishikwambi chake:

"Umewahi kuzaa mtoto aliyelia, hata kama hakuishi?"

Tangu tumzike, hakuna aliyewahi kuniuliza kama alilia. Nilikuwa napepeta mbaazi, mikono ikasimama.

"Alilia," nikasema. "Alilia sana. Wa kike."

Akangoja nimalize kujifuta macho.

"Aliishi siku ngapi, dada yangu?"

"Kutoka alfajiri mpaka jua kupanda."

"Hiki hakipokei saa. Kinataka siku." Akanitazama. "Niweke moja?"

Nilitaka sana akubaliwe hiyo moja. Lakini haikuwa kweli, na sikuwa na kingine cha kumpa mwanangu ila ukweli wake.

"Haikutimia siku."

"Basi itakuwa sifuri."

"Weka sifuri."

Akaweka. Kisha akasoma jumla: "Kwa hiyo umezaa watoto watatu. Ni sawa?"

"Ni sawa."

Mume wangu aliporudi kutoka shamba alisikia kwamba wahojaji walipita. Akauliza, "Umewaambia wawili?"

"Nimesema watatu."

Alichukua kopo, akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu.