Mtungi Uliovishwa Ngozi

Mishi wa Kolo alikuwa mfinyanzi, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Miaka thelathini ya kuupigia udongo magoti si mchezo. Akitaka kuinuka, lazima ashike kitu: ukuta, fimbo, bega la mtu. Alhamisi tu, baada ya alasiri, ndipo aliposimama bila kuyasikia, kwenye dhikri nyumbani kwa Mwalimu Halfani.

Msikitini wanawake waliwekwa nyuma ya ukuta wa udongo, wanasikia sala kwa mbali kama watu wanaosikiliza harusi ya jirani. Halfani, mshona viatu aliyekuwa na mguu mbovu, aliyeipata dhikri kwa masheikh wa pwani, aliona si haki. Akaweka duara la wanaume uwanjani kwake na la wanawake uani, na sauti ikawa moja. Hapakuwa na ngoma wala zumari. Watu walishikana mikono wakalivuta jina la Mungu kwa pumzi, kutoka chini kabisa ya kifua, mpaka mtu akasahau njaa, mume na magoti. Uani pale mkubwa wa wanawake alikuwa Mishi, na hapakuwa na mahali pengine duniani alipokuwa mkubwa.

Basi mwaka huo Wajerumani wakaingiwa na wasiwasi. Kulikuwa na barua inapita mji hadi mji, ikasemekana imetoka Maka, inawaambia Waislamu wasiwatii makafiri. Huko Kolo hakuna aliyeiona. Lakini boma la Kondoa likapata habari kwamba kuna watu wanakusanyika kila Alhamisi na kuhema pamoja. Askari wakaja, wakamtia Halfani mnyororoni. Wanaume wa duara wakakimbilia porini.

Siku ya tatu akaja akida wa Wajerumani, mtu wa pwani, kanzu nyeupe na sijida ya sala usoni. Aliwakuta Mishi na jirani yake Batuli wakifinyanga.

"Salaam aleikum, Bi Mishi."

"Aleikum salaam, Akida. Karibu kigoda. Angalia kanzu yako, kuna udongo."

"Itafuliwa. Nina swali moja tu, na jibu nalitaka leo. Yale mnayoyafanya Alhamisi ni nini?"

Mishi aliendelea kulainisha mdomo wa chungu. "Akida, wewe ni Mwislamu. Unajua ni nini."

"Mimi najua. Anayeuliza ni Bwana Mkubwa, Mjerumani wa bomani. Nikimwambia ni dini, atasema ni ile barua. Halfani atakula viboko hamsa ishirini, akipona atakula nyingine, kisha apelekwe kazi ya barabara. Kwa mguu ule, mama, utamwona tena? Lakini nikimwambia ni ngoma, hana neno. Ngoma ina cheti."

"Ngoma gani isiyo na ngoma?" Batuli akadakia. "Au huko kwenu pwani watu hucheza kikohozi?"

Akida nusura acheke. "Basi tafuteni ngoma, mwenye mdomo."

Mishi aliutazama mlango wa Halfani ng'ambo ya njia, viatu visivyomalizika vikining'inia. Alitaka kusema ni sala. Neno lilikuwa tayari. Halafu akaufikiria ule mguu kwenye mnyororo.

"Ni ngoma," alisema. "Ngoma ya wanawake. Ya mavuno."

Akida akaandika cheti palepale juu ya goti lake, akampa. "Sikukuu ya kuzaliwa Kaisari mtaicheza bomani. Mkimaliza, mtu wenu anafunguliwa."

Uani kwa Halfani kulikuwa na mtungi wa maji ya kutawadhia, kazi ya mikono ya Mishi mwenyewe. Aliyamwaga maji, akauanika mtungi, akauvisha ngozi ya mbuzi na kuikaza kwa kamba. Ukalia vizuri. Hilo nalo lilimuuma.

Wakaenda wanawake kumi na mmoja, wakiacha uwele katikati ya palizi, kutwa nzima kwa miguu hadi Kondoa, mto ukiwafika magotini. Walikuwa wamepatana waimbe wimbo wa mavuno, basi. Kesho yake wakasimamishwa uwanjani, bendera juu, askari mstari mmoja, Bwana Mkubwa kwenye kiti. Batuli akaupiga mtungi. Wimbo ukaenda salama. Lakini miguu ile ilikuwa imezoea duara, na mikono ilikuwa imeshikana. Pumzi ikashuka yenyewe mahali pake. Mishi alipokuja kusikia wanachosema, walikuwa wanasema Allah, Allah, na yeye ndiye anayeongoza.

Akamtazama akida, akida anatazama ardhi. Askari wa mwisho kwenye mstari alisimama kama mti, ila midomo yake ilikuwa inafuata. Mishi akangoja kelele, akangoja kiboko.

Bwana Mkubwa akapiga makofi. "Ngoma safi! Tena!"

Wakarudia. Mishi alikuwa amejiandaa kugunduliwa; hakuwa amejiandaa kupigiwa makofi. Safari hii magoti aliyasikia, moja moja.

Halfani akafunguliwa kweli. Njia nzima alitangulia na fimbo yake. Alhamisi Mishi alipokwenda, alimkuta amesimama mlangoni.

"Bi Mishi, mgongo wangu ni mzima kwa ajili yako. Mungu akulipe. Lakini mmelicheza jina lake chini ya bendera. Wanaume wanasema hawawezi tena kuwa na wanawake uani."

"Wanaume gani? Wale waliokuwa porini?"

Halfani akainamisha kichwa. "Haohao."

"Haya, Mwalimu," alisema Mishi. Ugomvi nao unataka nguvu, na za kwake alikuwa amezitumia njiani.

Ikapita miezi miwili. Alhamisi moja wakaja kwa Mishi wasichana watano, mbele yao Mwanne, binti wa Batuli, miguuni wamevaa njuga kama wanakwenda harusini.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja utufundishe ile ngoma ya bomani. Kisimani kila mtu anaitaka."

"Marahaba." Mishi aliwahesabu. Watu watano, duara linatosha. Akavuta ule mtungi wa bomani uliokuwa pembeni, akakata kamba kwa kisu cha kukatia udongo, akaibandua ngozi na kuitundika ukutani kando ya cheti cha ngoma, karibu na mkono, akida asije akapita ghafla.

"Vueni njuga."

"Sasa bibi, ngoma bila njuga, bila ngoma?"

"Una mdomo wa mama yako. Chukueni huu mtungi mkateke maji, mje niwafundishe kutawadha. Mengine baadaye."

Wakaenda wakichekana. Mishi akashika mwimo wa mlango, akaanza kuinuka, polepole, ili watakaporudi wamkute amesimama.