Meneja wa Kanda

Bi Nabiha alistaafu ukarani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ila kanda hazikustaafu naye. Kila Ijumaa asubuhi, Chonga, dereva wa kampuni, alimletea nyumbani kwake Mji wa Kale kanda moja yenye nakala ya kazi yote ya wiki, isije siku kompyuta za ofisi zikaharibika. Nyumba yake ilichaguliwa kwa kuta zake nene na chumba cha nyuma kisichoingia hewa ya chumvi. Alizipanga wima kabatini, akazitilia vijifuko vya kunyonya unyevu alivyowaomba wauza viatu wa Makadara. Jirani yake, Mwanakuu, alishamwomba mara mbili amwazime moja ya taarabu.

Kisha akaja Jeremy, meneja mkuu mpya. Mkutanoni akatangaza kuwa kanda ni mambo ya kizamani. Sasa kila kitu kitahifadhiwa mtandaoni. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Chonga, wala kuizima mashine ya kurekodia. Ijumaa kanda ikaja kama kawaida.

Jumanne moja karani alifungua barua pepe ya kumpongeza kwa kushinda gari. Hadi adhuhuri mafaili yote ya ofisi yalikuwa yamefungwa na wezi wa mtandaoni, pamoja na zile nakala za Jeremy. Makontena yakakwama. Chonga alipomwambia kuwa kanda bado anazipeleka, Jeremy akafika kwa Bi Nabiha shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, Bi Nabiha. Nimefuata kanda."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Fomu iko wapi?"

Fomu ilikuwa ya kampuni yenyewe: kanda haitolewi ila kwa sahihi ya Meneja wa Kanda, yaani msimamizi wa ofisi zote za pwani. Cheo hicho Jeremy alikifuta mwezi wake wa kwanza.

"Lakini mimi ni Meneja Mkuu!"

"Hongera. Hapa pameandikwa wa Kanda."

Alimpa kahawa na kaimati, kanda hakumpa. Siku mbili makao makuu walibishana, mpaka mwanasheria wao akang'amua kwamba kanda si lazima iwe eneo. Yaweza kuwa hizi za kabatini. Barua ikaletwa mbio: Bi Nabiha ameteuliwa Meneja wa Kanda. Aliisoma taratibu, akajiombea ruhusa, akajikubalia, akatia sahihi.

Kanda zikasomeka bila kasoro. Kampuni ikamtunuku Jeremy cheti cha uongozi wakati wa dharura. Bi Nabiha naye akaalikwa kwenye semina ya kutwa nzima kuhusu utunzaji wa kanda, mkufunzi akiwa Jeremy. Akaenda, akakaa safu ya mbele, akaandika makosa kumi na moja kwa kalamu nyekundu, akamkabidhi mlangoni kwa adabu zote.

"Semina ilikuwaje?" Mwanakuu akamuuliza.

"Biriani iliiva," akasema. "Mwalimu bado."