Katell na Lugha ya Ng'ombe

Nimezunguka vijiji vya milima ya Arre, magharibi mwa Ufaransa, nikinoa visu tangu magoti yangu yalipokuwa mazima, na nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Katell Riou. Kwake nilipata kahawa, mkate wenye siagi ya chumvi, na maongezi ya Kibretoni, lugha yetu ya huku.

Alipokuwa mdogo, mwalimu alimning'inizia kiatu cha mti shingoni kwa kosa la kusema Kibretoni shuleni. Kwa hiyo alipomzaa Maryvonne, binti yake wa pekee, aliapa mtoto huyo hatapata aibu ile. Akamsemesha Kifaransa, hicho cha kuungaunga. Kibretoni kikabaki cha ng'ombe, mbwa na mimi.

Miaka ikaenda, mambo yakageuka. Bendera zetu Wabretoni, nyeusi na nyeupe, zikabandikwa hata kwenye magari. Maryvonne, karani huko mjini Rennes, akajifunza Kibretoni darasani akikaribia miaka hamsini. Mama yake alipougua moyo, akarudi kumwuguza. Alikuwa na haja moja tu: mama amsemeshe kwa lugha yake kabla hajafa.

"Mama, wazee wetu walivuka bahari kutoka ng'ambo," alisema siku moja nikiwapo. "Sisi na watu wa Wales ni damu moja. Mtakatifu wetu alikuja ndani ya hori la jiwe."

"Jiwe likaelea," Katell akajibu kwa Kifaransa. "Na hao ndugu zako, siku za kukata majani sikuwaona."

Mimi nikacheka. Maryvonne hakucheka. Akaanza kuhesabu kwa Kiwelsh, lugha ya Wales, polepole. Tatu, nne, tano zao zinakaribiana sana na zetu, na nikaona midomo ya Katell inamfuata. Kwenye sita akaifunga.

"Umesoma vizuri, binti yangu," akasema, kwa Kifaransa tena.

Nje, Maryvonne akanishika mkono. "Mzee Lomig, wewe anakusemesha. Mimi ananinyima kwa nini?"

"Hakunyimi, mwanangu. Kwake yeye, kukusemesha hivyo ni kukutukana."

"Basi uje kila Alhamisi. Nitakaa jikoni, mlango wa chumba chake wazi, nisikie tu."

Nikawa nakwenda hata visu vikiwa vikali. Katell akanieleza mvua ya siku ya harusi yake, na jinsi ng'ombe wake mwekundu alivyokuwa akigoma kukamuliwa na mgeni. Nilijiona kama mwizi. Alhamisi ya tano akafika kwenye kile kiatu. Sheria ilikuwa hivi: ukiwa umevikwa, ukimsikia mwenzako anasema Kibretoni, unamvika yeye, wewe unapona.

"Nilimvika mdogo wangu, Lomig. Nilimsemesha makusudi ili ajibu."

Kiti kikalia jikoni. Katell akautazama mlango.

"Ufunge. Baridi inaingia."

"Katell, ni mwanao yule."

"Namjua ni nani. Funga."

Nikafunga.

Alikufa Jumapili iliyofuata, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye. Neno lake la mwisho kwake lilikuwa la Kifaransa, kwamba asisahau kula.

Maryvonne huniuliza hadi leo mama alisema nini baada ya mlango kufungwa. Nami humwambia kweli: hakusema neno tena, la lugha yoyote, mpaka nikabeba jiwe langu la kunolea nikaondoka.